Kuokota na Kuvumbua

Siku moja nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi juu ya mambo ya kale. Kabla ya kuanza niliwauliza swali nililodhani ni jepesi: Ni nani aliyevumbua mifupa ya yule kijana wa kale wa Turkana, ambaye habari zake zimeenea dunia nzima? Mikono mingi iliinuka, na jibu lilikuwa moja tu: Leakey. Nikauliza, Leakey yupi, maana hao walikuwa ukoo mzima? Mikono ikapungua, lakini jina halikubadilika. Ndipo mwalimu wao, mtu mwema aliyekuwa ameketi nyuma, alipotaka kuniokoa akasema kwamba alikuwapo mfanyakazi mmoja Mwafrika aliyeuokota mfupa wa kwanza, kisha wataalamu wakaja wakavumbua mengine.

Sikumjibu, kwa kuwa haifai mgeni kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Lakini neno lile "aliyeuokota" lilinifuata mpaka nyumbani, na mpaka leo halijaniacha.

Kuokota ni kazi ya bahati. Mtoto huokota shilingi njiani. Mpita njia huokota embe lililoanguka usiku. Mwenye kuokota hakutafuta, wala hakujua. Angechelewa kidogo, kitu kile kile kingeokotwa na mwingine. Kuvumbua ni jambo la namna nyingine. Mwenye kuvumbua ametafuta kwa taabu, na alipokiona alichokuwa akikitafuta alijua kuwa ndicho, hata kama wengine mia wamepita juu yake bila kujua. Lugha yetu ina maneno mawili kwa sababu mambo yenyewe ni mawili. Anayeliweka la kwanza mahali pa la pili hakosei sarufi hata kidogo. Humnyang'anya mtu haki yake kwa sarufi iliyo safi.

Mtu aliyenyang'anywa hapa ni Kamoya Kimeu, mwana wa Mutomo katika Ukambani, aliyezaliwa yapata mwaka wa 1938 na kufariki tarehe 20 Julai 2022. Mwaka wa 1960 aliandikwa kazi na Louis na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai, Tanganyika. Aliandikwa kuwa kibarua wa kuchimba. Hakuwa na shahada ya chuo chochote, na wala hapakuwa na mtu aliyemtarajia awe nayo. Alikuwa kijana mwenye nguvu za kushika sururu, akitoka katika nchi ambayo jua halina huruma na mvua huahidi kuliko inavyotimiza.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kazi ile haikuwa ya heshima machoni pa watu wake. Ukambani, kama katika nchi nyingi za Afrika, mifupa ya wafu si kitu cha kuchezewa. Mtu huiacha ilale mahali ilipolazwa. Kijana anayekwenda mbali kuwachimbulia wageni mifupa kwa malipo hakosi kutazamwa kwa wasiwasi na wazee. Kamoya alikwenda hata hivyo, akakaa. Wengi huandikwa kazi za namna hiyo, hupokea mshahara wa miezi michache, kisha hurudi kwao. Yeye alibaki kwa sababu kazi ilikwisha kuwa si ya sururu tena.

Tazameni mfululizo wa miaka. Mwaka wa 1964, karibu na Ziwa Natron, mahali paitwapo Peninj, Kamoya aliona taya la chini la zamadamu mwenye meno makubwa ajabu. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka wa 1959, Mary Leakey alikuwa amevumbua Olduvai fuvu maarufu lililoitwa Zinjanthropus, lakini fuvu lile halikuwa na taya la chini. Taya la Peninj halikuwa la mtu yule yule, ila lilikuwa la jamii ile ile, na kwa hilo wataalamu waliweza kwa mara ya kwanza kuujua mdomo wote wa zamadamu huyo. Mwaka wa 1967, penye bonde la mto Omo katika Ethiopia, alivumbua mifupa ya mtu wa jamii yetu wenyewe, mtu kama mimi na wewe. Wakati ule ilidhaniwa kuwa na miaka 130,000 hivi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka wa 2022, mwaka ule ule aliofariki mvumbuzi wake, vilionyesha kuwa umri wake haupungui miaka 230,000 hivi. Mwaka wa 1973, Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, aliona fuvu dogo ambalo wataalamu wanabishana juu yake hata sasa.

Nauliza, mtu huokota mara ngapi? Mara moja ni bahati, nakubali. Mara ya pili bahati yaweza kurudi, kwani bahati ina rafiki zake. Lakini mtu akifanya hivyo Tanganyika, akafanya Ethiopia, akafanya Kenya, mwaka baada ya mwaka, katika udongo wa namna mbalimbali na wa umri mbalimbali, yule anayeendelea kusema "bahati" hasemi habari za Kamoya tena. Anasema habari za ukaidi wake mwenyewe.

Basi natufike Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwezi wa Agosti 1984. Siku ile ilikuwa ya mapumziko. Wenzake walikuwa kambini wakifua nguo na kupumzika. Kamoya akatoka kutembea peke yake kuvuka mto mkavu. Ng'ambo palikuwa na kijilima cha kokoto nyeusi na mti wa miiba, mahali ambapo mbuzi na ngamia walipita kila siku pamoja na wachungaji wao. Katikati ya kokoto nyeusi aliona kipande cheusi cha mfupa kisichozidi kibiriti kwa ukubwa. Alitambua kuwa ni kipande cha paji la uso la zamadamu, akapeleka habari Nairobi.

Simama hapo kidogo, msomaji, usikimbilie mwisho wa hadithi. Ardhi ya Turkana imejaa mifupa. Ipo mifupa ya viboko, ya mamba, ya samaki, ya nguruwe wa kale, ya swala wa kila kimo. Ipo ya mbuzi aliyekufa mwaka jana na ya mnyama aliyekufa kabla mtu hajawako. Ili kujua kuwa kipande kile kidogo ni cha zamadamu, yakupasa kwanza ujue mfupa uliogeuka jiwe, yaani kisukuku, unavyotofautiana na jiwe ambalo halikuwa mfupa kamwe. Yakupasa ujue fuvu la swala lina unene gani, na la nyani lina mpindo gani, na gamba la kobe likivunjika hufananaje. Yakupasa uwe na mifupa yote hiyo kichwani mwako, imepangwa kama vitabu katika maktaba, ili jicho likigusa kitu kimoja, akili iwe imekwisha kukataa mia. Hayo yote hufanyika wakati mguu haujafika chini. Watu huona mguu, huona jicho, nao husema: Ajabu, ana macho makali!

Hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo. Wanaomdharau Kamoya waziwazi ni wachache nao ni rahisi kujibiwa. Wanaonitaabisha ni wale wanaomsifu. Husema alikuwa na macho ya tai. Husema alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, alichokipata kwa kuchunga mbuzi katika nyika za Ukambani. Husema kilikuwa kitu kisichoelezeka. Sifa hizi huonekana kama ua, lakini zishike uone miiba yake. Maana kama uwezo wake ulikuwa katika macho, basi haukuwa katika akili. Kama alizaliwa nao, basi hakujifunza. Na kama hauelezeki, basi hauwezi kuitwa elimu, kwa kuwa elimu huelezeka na hufundishwa. Kwa sifa tatu mtu amefukuzwa katika jamii ya wenye elimu, naye ametabasamu na kusema ahsante.

Ukweli ni kwamba Kamoya alijifunza na alifundisha. Alijifunza majina ya mifupa na sehemu zake. Alijifunza kusoma mwinamo wa ardhi, kujua tabaka lipi ni kongwe na lipi ni changa, na mvua hufukua wapi na hufukia wapi. Kisha akaongoza kundi la wavumbuzi wa Kenya ambao jina lao lilikuwa kubwa kati ya wataalamu wa dunia, akawafundisha vijana walioingia kazini baada yake. Mwaka wa 1977 aliwekwa kuwa msimamizi wa maeneo yote ya kale ya Kenya katika Makumbusho ya Taifa. Wala yeye hakuwa peke yake. Fuvu lijulikanalo kwa nambari 1470, lililotikisa vitabu vya elimu hii, lilivumbuliwa mwaka wa 1972 na Bernard Ngeneo. Lile la Lomekwi lenye uso bapa lilivumbuliwa mwaka wa 1999 na Justus Erus. Kama haya ni macho tu, basi ni macho ya ajabu kweli yanayoambukizana kama mafua katika kundi moja la wafanyakazi, na hayaambukizi watu wengine!

Sasa nilete mfano kutoka kwao. Ukambani ni nchi ya wachongaji. Zamani wazee waliketi juu ya viti vya miguu mitatu vilivyotiwa waya za shaba kwa mapambo, na fundi aliyejua kuzipanga alitajwa mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alikwenda Tanganyika, akaona jinsi wachongaji wa huko walivyotoa sura za watu na wanyama katika mti mgumu. Aliporudi kwao alianza kuchonga, akafundisha jamaa na majirani, na kwa mkono wa mtu huyo mmoja kazi ya vinyago ikaenea mpaka ikawa riziki ya maelfu ya nyumba. Mchongaji mzuri hutazama gogo akaona twiga kabla hajashika tezo. Wengi wamenena kwamba Kamoya alitazama kilima akaona fuvu kwa namna hiyo hiyo, na kwa hiyo alikuwa msanii kama ndugu zake.

Mfano huu waupenda watu wengi, nami naupenda, lakini nausahihisha. Mchongaji ana uhuru ambao Kamoya hakuwa nao. Gogo likiwa na fundo, mchongaji huligeuza fundo hilo kuwa goti la twiga. Mvumbuzi hana ruhusa ya kugeuza chochote. Akitamani sana kuona zamadamu, ataona zamadamu katika kila ubavu wa nguruwe, na siku yake itapotea. Usanii wake ni wa kujizuia: kutamani bila kuiruhusu tamaa iseme kwa niaba ya jicho. Katika hili naona ni mgumu kuliko ule wa kinyago, ingawa najua wachongaji watanigombeza.

Lakini upo mfanano mwingine usio wa kupendeza, nao ni wa kweli zaidi. Kinyago cha Mkamba huuzwa sokoni Mombasa au Nairobi bila jina la aliyekichonga. Mnunuzi hukifunga katika sanduku lake, na akifika kwao husema, "Hiki ni kinyago cha Kenya." Taifa zima limechonga, mtu hakuna. Mfupa wa Nariokotome nao umepata jina la ziwa, na jina la mto, na nambari ya makumbusho, na jina la wenye msafara. Mkono wa Mutomo umefutika katika vyote viwili kwa namna moja.

Ushahidi nitautoa, nisije nikaonekana mwenye kinyongo bure. Mifupa ile ya Nariokotome ilipochimbwa ilipita 100. Ilikuwa ya mvulana aliyekufa karibu miaka milioni moja na nusu iliyopita, mwenye kimo cha sentimita 160 hivi, naye ni mmoja wa zamadamu waliokamilika kuliko wote waliopata kuonekana. Taarifa ya kwanza ya kitaalamu ilitoka mwaka wa 1985 katika jarida la Nature, ikiwa na majina manne ya waandishi: Frank Brown, John Harris, Richard Leakey na Alan Walker. Jina la Kamoya Kimeu halikuwa miongoni mwa hayo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba majina ya waandishi ni ya wale walioeleza maana ya mifupa, si ya yule aliyeiona. Haya, natupime kwa kipimo hicho hicho. Frank Brown alikuwa mtaalamu wa miamba. Alisoma tabaka za majivu ya volkeno, na kwa kusoma huko umri wa mifupa ulijulikana. Hakuiona mifupa kwanza, wala hakuhitajiwa kuipima meno. Alisoma ardhi, na kusoma huko kulihesabiwa kuwa uandishi, nami nasema kulistahili. Kamoya naye aliisoma ardhi ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja aliandika alichosoma kwa Kiingereza katika karatasi, na mwingine alikiandika kwa kunyosha kidole na kusema: Hapa. Neno hilo moja, "hapa", ndilo lililozaa karatasi zote zilizofuata.

Nitaambiwa tena: Bila ya Leakey, Kamoya angekuwa nani? Swali hili halinitishi. Ni kweli kwamba akina Leakey walitafuta fedha, walileta magari, walimfundisha kazi, tena Richard Leakey hakuficha kuwa Kamoya ndiye aliyeona. Alimsifu mbele ya watu. Mwenye kukana hayo anasema uongo, na uongo haumsaidii Kamoya. Lakini kila swali lina mgongo wake. Bila ya Kamoya, na bila ya Ngeneo na wenzao, magari yale yangebeba nini kurudi Nairobi? Mwenye jahazi ana sifa yake na nahodha ana yake. Hatusemi kwamba jahazi lilijiendesha kwa sababu tu mwenye jahazi alilipa tanga.

Wala sisemi kwamba hakuheshimiwa popote. Mwaka wa 1985 alikwenda Marekani akapokea nishani ya La Gorce ya Shirika la National Geographic kutoka kwa Rais Ronald Reagan. Wanyama wawili wa kale wa jamii ya nyani wamepewa jina lake katika elimu: mmoja Kamoyapithecus, na mwingine aitwaye kimeui kwa jina la baba yake. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari, miaka 61 tangu aliposhika sururu Olduvai. Ni jambo jema, ingawa mtu hujiuliza kwa nini barua ilichukua miaka 61 kufika.

Lakini angalieni heshima hizo zilitoka upande gani. Nishani Marekani, shahada Marekani, majina katika Kilatini na Kiyunani. Sisi tulimpa nini? Tulimpa "aliyeuokota". Wageni walipoliacha jina lake nje ya taarifa ile, angalau walikuwa na desturi ya majarida yao ya kujitetea nayo. Mwalimu wa Kiafrika, katika shule ya Kiafrika, akiwafundisha watoto wa Kiafrika, hana desturi hiyo ya kujifichia. Amepokea kosa kutoka katika kitabu, akaliongezea chumvi, akaligawa.

Nadhani sababu yake naijua. Tumezoea kugawanya kazi mbili, ya kichwa na ya mkono, na tumekubaliana kimya kimya kwamba ya mkono ni ya walioshindwa. Mwanafunzi asiyefaulu huambiwa, "Basi, labda utakuwa fundi," kwa sauti ile ile ambayo hutumika kutoa pole msibani. Katika desturi hiyo, mtu aliyeinama juani akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi hawezi kuwa anafikiri. Akipata kitu, ameokota. Aliyeketi kivulini na kalamu ndiye avumbuaye. Nimewasikia hata wazazi wa Ukambani, ambao viti na vinyago vya babu zao vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, wakiwakataza watoto wao kugusa tezo kwa hofu wasije wakaonekana kuwa hawakusoma.

Wasomaji wangu vijana, baadhi yenu mtaandika vitabu vya shule siku moja, na wengine mtavisahihisha. Siwaombi mlifute jina la Leakey; liacheni mahali pake, kwa kuwa lina haki pale. Naomba mstari mmoja tu ubadilishwe. Mahali palipoandikwa kwamba mifupa ya kijana wa Turkana iligunduliwa na msafara wa Richard Leakey, paandikwe kwamba ilivumbuliwa na Kamoya Kimeu wa Mutomo, Agosti 1984, katika msafara wa Richard Leakey. Nimeyahesabu maneno. Hayaongezi hata mstari mmoja katika ukurasa, na mpiga chapa hatadai karatasi zaidi.